Mtoni: Nyumba ya Shamba Iliyokuwa Jumba, Ikarudi Kuwa Gofu



Safari hii twataka kusimulia habari za nyumba moja. Si habari za vita, wala si habari za mfalme peke yake, ingawa mfalme yumo. Ni habari za nyumba ya shamba: jinsi ilivyosimama, nani waliokaa ndani yake, nani waliofanya kazi nje yake, na jinsi ilivyoanguka. Nyumba hiyo ni ya Mtoni katika kisiwa cha Unguja, kando ya bahari, maili chache kaskazini mwa mji, katika njia iendayo Bububu.

Tumeichagua kwa sababu ya swali. Asubuhi moja tuliwachukua wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu kwenda kuyaona magofu yake. Tuliwaonyesha kuta na matao, tukawapa miaka na majina, kama ilivyo kazi yetu. Tulipokwisha, mmoja wao akainua mkono, akasema, "Mwalimu, umetupa jina la bwana aliyeamuru jumba hili lijengwe. Je, waliobeba mawe haya, majina yao ni nani?" Wenziwe wakageuka kututazama. Hatukuwa na jina hata moja la kumpa. Tulimjibu kwa maneno mawili matatu, na jibu lile halikuturidhisha sisi wenyewe. Basi mazungumzo haya ni jibu lake, refu kidogo kuliko lile la kwanza.

Kabla ya kuwa jumba, Mtoni palikuwa shamba. Jina lenyewe lajieleza, maana kuna kijito cha maji matamu kinachoshuka pale kuingia baharini, na penye maji matamu mkulima hapapiti hivi hivi. Mwanzoni mwa karne ya 19 shamba hilo lilikuwa mali ya Mwarabu mmoja wa Omani, jina lake Saleh bin Haramil al-Abri. Huyu ndiye atajwaye kuwa aliyeleta mikarafuu Unguja. Asili ya mti huo ni visiwa vya Maluku, mbali sana upande wa mashariki. Wafaransa waliipata miche yake, wakaipanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion. Na kutoka huko ikafika Unguja. Saleh aliipanda katika mashamba yake mawili, Mtoni na Kizimbani.

Mkarafuu ni mti wa subira. Mtu huupanda leo, akangoja miaka 6 au 7 hivi kabla ya kuona mavuno ya maana. Lakini Saleh hakuachiwa ale matunda ya subira yake. Mwaka 1828 Sayyid Said bin Sultan, mfalme wa Omani, alifika Unguja kwa mara ya kwanza. Akaona kisiwa chenye maji, rutuba na bandari njema, akakipenda kuliko Maskati kwenye majabali na jua kali. Mashamba ya Saleh yakatwaliwa, nayo yakawa mali ya mfalme. Hivyo nyumba tunayoisimulia ilianza kwa shamba la mtu mwingine lililonyang'anywa.

Pale Mtoni Sayyid Said akajenga nyumba kubwa, na katika miaka iliyofuata ikazidi kuongezwa vyumba na ngazi. Mjini alikuwa na nyumba nyingine, lakini Mtoni palikuwa pa kupumzikia, penye upepo wa bahari na kivuli cha minazi. Mwenyewe akawahimiza Waarabu wenye mashamba wapande mikarafuu kama alivyopanda yeye. Yasimuliwa kuwa aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Baada ya miaka michache harufu ya karafuu ilitanda kisiwani, na Unguja na Pemba zikawa mashuhuri kwa karafuu ulimwenguni kote.

Sasa tutazame jinsi nyumba za namna hii zilivyojengwa, maana mwenye kujua jinsi nyumba ilivyojengwa atajua pia jinsi inavyokufa. Mawe yake ni matumbawe, yaliyochimbwa ardhini au kutolewa pwani. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuu kubwa ya magogo. Ukuta hujengwa mnene sana, kwa mawe na udongo na chokaa, kisha ukapakwa lipu nyeupe. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa yenye kokoto. Sakafu hiyo hupigwa kwa vipande vya miti siku nyingi mfululizo, watu wakiimba ili mikono iende pamoja, mpaka ishikamane iwe kama jiwe moja.

Boriti ya mkoko ina urefu wake, nayo haivutwi ikanyoka zaidi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba, yapata futi 9 au 10, hata kama mwenye nyumba ni mfalme. Kila boriti ilikatwa na mtu aliyesimama ndani ya matope ya mikoko. Kila jiwe lilipita juu ya kichwa au bega la mtu.

Habari za maisha ndani ya jumba la Mtoni twazipata kwa mtoto aliyezaliwa humo. Jina lake Salme binti Said. Alizaliwa pale Mtoni tarehe 30 Agosti, 1844. Alipokuwa mtu mzima aliolewa na Mjerumani, akaenda kukaa Ulaya, na mwaka 1886 kitabu alichoandika juu ya maisha yake kikachapwa Ujerumani kwa lugha ya Kijerumani. Kwa kitabu hicho twaweza kuingia katika nyumba ambayo leo haina mlango.

Salme aeleza kuwa katikati palikuwa na behewa kubwa, na ndani yake walitembea wanyama na ndege wa kila namna: paa, tausi, mbuni, heroe wenye miguu mirefu, mabata na kanga. Watoto walikimbilia kuokota mayai na kumpelekea mpishi. Kijito cha Mtoni kilipita humo humo. Upande mmoja wa behewa zilikuwa hamamu, na mbele yake michungwa mirefu ambayo watoto waliipanda na kujificha. Upande wa baharini palikuwa na ukumbi wa duara, ulioinuliwa juu, wenye kuta za mbao na paa. Hapo Sayyid Said alizoea kutembea huku na huku kwa saa nyingi, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomjeruhi pajani katika vita vya zamani. Watu waliokaa katika jumba lile na viungani mwake, kwa hesabu ya Salme, walipata 1,000.

Picha hii ni nzuri, nasi twaipenda. Walakini hatuna budi kuuliza: watu 1,000 walilishwa na nani?

Jibu liko nje ya behewa. Walioipanda mikarafuu na kuipalilia, walioichuma na kuianika, walikuwa watumwa. Wengi wao walitoka bara, wakitembezwa kwa miguu kutoka pande za ziwa Nyasa hata Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini kuja Unguja. Kazi ya karafuu haina mashine. Karafuu ni ua lisilofunguka bado. Likifunguka, limeharibika; kwa hiyo mchumaji lazima aufikie mti siku zake, aparamie juu, avute matawi kwa uangalifu, maana tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika na kumwangusha mtu. Kisha karafuu hutengwa na makonyo moja moja, zikaanikwa juani siku kadha wa kadha, na mvua ikitokea zikaanuliwa mbio. Kwa desturi mtumwa wa shamba alipewa kipande cha ardhi ya kulima muhogo wake, pamoja na siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa, za kujifanyia kazi yake. Siku zilizobaki zilikuwa za bwana wake.

Hata ndani ya jumba walikuwamo waliopata kununuliwa. Mama yake Salme mwenyewe, bibi Jilfidan, alikuwa suria aliyetekwa utotoni katika nchi ya Wacherkesi, karibu na Bahari Nyeusi, akafikishwa Unguja. Alipata heshima nyumbani, akalelewa vizuri na kupendwa. Lakini hakwenda Mtoni kwa hiari yake. Jambo la kutazamwa ni hili: Salme, binti wa mama huyo, alipoandika juu ya utumwa aliutetea, akasema kuwa watu wa Ulaya hawauelewi, na kwamba watumwa wa Unguja walitendewa kwa upole. Hatumlaumu kwa kuipenda nyumba ya baba yake. Kila mtu huiona nyumba kutoka chumba alichokaa. Yeye alikaa upande wa behewa, penye tausi. Aliyekaa upande wa mikarafuu hakuandika kitabu, kwa hiyo hatuna budi kukisoma kitabu cha Salme huku tukikumbuka kuwa kuna kingine ambacho hakikuandikwa.

Sasa tuje kwenye kuanguka kwake. Watu hudhani nyumba kubwa huangushwa na jambo moja kubwa, kama vita au tetemeko. Mtoni haikufa hivyo. Ilikufa kidogo kidogo.

Pigo la kwanza lilikuwa mauti ya mwenyewe. Tarehe 19 Oktoba, 1856, Sayyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Omani. Kwa habari za Salme, aliacha watoto 36. Ufalme ukagawanyika: Thuwaini akashika Maskati, na Majid akashika Unguja. Ndugu wakateta. Mwaka 1859 ndugu mwingine, Barghash, akaasi, akajifungia na watu wake katika nyumba ya shamba jingine, lililoitwa Marseilles, mpaka akashindwa kwa msaada wa askari wa manowari ya Waingereza. Mwaka 1861 ikaamuliwa kwamba Unguja na Maskati ziwe falme mbili mbalimbali, na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Katika mambo hayo yote, nani angekumbuka kupaka chokaa paa la Mtoni?

Desturi nayo iliisaidia mauti. Katika nyumba za wakubwa kila mtawala mpya hupenda kujenga mpya badala ya kutengeneza ya baba yake. Majid alijielekeza bara, akaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Barghash alipotawala, kuanzia 1870 hata 1888, alijenga Chukwani na Marahubi, na mwaka 1883 ikamalizika Beit al-Ajaib pale mjini. Marahubi iko katika njia hiyo hiyo ya kwenda Mtoni. Maana yake, mafundi walikuwako, chokaa ilikuwako, na mali ilikuwako. Ila vyote vilipelekwa mahali pengine.

Pigo la pili lilitoka angani. Tarehe 15 Aprili, 1872, tufani kubwa iliipiga Unguja. Ilivunja majahazi bandarini, ikang'oa minazi, na mikarafuu ya kisiwa hicho ikaangamia kwa sehemu kubwa. Pemba iliponea chupuchupu, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa ikitoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Mti unaohitaji miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa haurudishwi kwa amri ya mfalme. Mwaka uliofuata, 1873, Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Utumwa wenyewe uliondolewa katika sheria kwa amri ya mwaka 1897, ingawa masuria hawakuingizwa katika ruhusa hiyo hata mwaka 1909. Hivyo nguzo mbili zilizoishikilia nyumba ya Mtoni, yaani karafuu na mikono isiyolipwa, zilitikiswa moja baada ya nyingine. Ya kwanza kutikisika kwake kulikuwa msiba. Ya pili kutikisika kwake kulikuwa haki, tena haki iliyochelewa.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, baada ya miaka 19. Ndugu yake Barghash hakukubali kumpokea. Akaenda Mtoni kuitazama nyumba aliyozaliwa, akakuta gofu. Ngazi aliyoipanda utotoni imetoweka, sehemu kubwa ya nyumba imekuwa kifusi, hamamu hazina mapaa, na majani yameota mahali palipokuwa na vicheko. Ilikuwa imepita miaka 29 tu tangu baba yake kufariki. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka ule wa 1856 hakuwa hata na mvi kichwani.

Marahubi, lile jumba jipya, lilishikwa na moto mwaka 1899, nalo likaisha. Mtoni nayo iliungua mwaka 1914, moto ukala mengi katika yale yaliyosalia. Leo zimebaki kuta, baadhi ya matao, na mabaki ya hamamu. Bahari ingali pale pale, na kijito kingali na jina lake.

Labda mtaniuliza: iwaje nyumba ya mawe, yenye kuta nene namna ile, isitimize hata miaka 60 ya uzima? Hapa ndipo kazi ya fundi inapotufundisha. Adui wa nyumba ya chokaa ni maji, na mlango wa maji ni paa. Sakafu ya juu ikipata ufa mwembamba, mvua ya masika huingia. Haionekani kwa nje. Inashuka polepole mpaka penye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, ambapo jua halifiki. Huko boriti huanza kuoza, na mchwa husaidia. Ikianguka boriti moja, sakafu hunyong'onyea. Zikianguka tatu, paa lote huja chini. Ukuta usio na paa hunyeshewa juu kwa juu, udongo uliomo kati ya mawe ukaoshwa, na mbegu ya mtini ikaangushwa na ndege katika ufa, ikatia mizizi na kupasua. Mwisho wake gofu hugeuka machimbo, kila mwenye haja ya jiwe akaja na gari lake. Na mwanzo wa yote hayo ulikuwa ufa ambao pishi chache za chokaa zingeuziba. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako watakaosema, "Na ianguke! Nyumba iliyojengwa kwa mikono ya watumwa yatufaa nini?" Neno hili si la kupuuzwa, nasi tumelisikia likisemwa kwa uchungu. Lakini twaona kwamba kuta zikitoweka, anayesahauliwa kwanza si mfalme. Mfalme anavyo vitabu, anayo makaburi yaliyoandikwa, anazo picha. Aliyebeba jiwe hana kitu kingine ila jiwe alilolibeba. Likienda jiwe, ushahidi wake wa mwisho umekwenda. Kwa hiyo sisi twapenda kuta za Mtoni zilindwe kwa ajili yake zaidi ya kwa ajili ya bwana wake.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Siku ile, tulipokuwa tukirudi kwa miguu kuelekea barabarani, alichelewesha hatua zake mpaka wenziwe wakatutangulia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi wa bibi yake aliletwa kutoka upande wa Nyasa, akachuma karafuu katika mashamba ya Unguja mpaka uzeeni. Nyumbani kwao, alisema, habari hiyo haisemwi mbele ya wageni. Yeye aliisikia mara moja tu, usiku, bibi alipokuwa mgonjwa.

Tukamwuliza, "Jina lake walijua?"

Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Jina twalijua."

Tukamwambia, "Basi, mwanangu, wewe unacho kitu ambacho mwalimu wako hana. Kiandike." Tukamwambia pia kwamba aibu ya utumwa si ya aliyefungwa, ni ya aliyefunga, na kwamba mtu hakosi adabu kwa jamaa zake akihifadhi jina la mzee wake.

Nasi twawaambia ninyi maneno hayo hayo. Karibu kila kijiji kina nyumba yake ya Mtoni: nyumba ya jumbe wa zamani, nyumba ya shamba la mkonge, nyumba ya babu iliyoinamia upande mmoja. Msingoje iwe kifusi. Nendeni kwa wazee jioni, na daftari mkononi, mkawaulize kwa heshima: nani aliijenga, nani alikaa, nani alifanya kazi, na lini paa lilianza kuvuja. Andikeni jina la bwana, na kando yake andikeni la mpishi, la mchumaji na la mbeba mawe. Na kama nyumba bado ina paa, pandeni juu kabla ya masika, mkautafute ufa.

Hapa ndipo tunapokomea. Kwaherini.